KIDUDE CHA MKONONI SI HIRIZI: Kisukari, Kipimo na Saumu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao. Ama baad.

Ndugu msomaji, makala haya naanza kwa kutaja kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi darasani ambaye ghafla alianza kuomba ruhusa ya kutoka kila baada ya muda mfupi. Mara aende chooni, mara aende kunywa maji, na akirudi anasinzia mbele ya msahafu. Nilimwonya. Alipoendelea nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikidhani anatafuta njia ya kukwepa kusikilizwa sura zake. Baada ya wiki mbili hakuonekana tena. Nilipokwenda kumjulia hali nikaambiwa amelazwa, hajitambui, na sukari katika damu yake ni 31. Nyumbani walidhani ni malaria. Jirani mmoja alishauri asomewe, huenda ni jini. Alhamdulillah, Allah alimnusuru, lakini tangu siku hiyo anaishi kwa sindano za insulini. Aliporudi nilimwomba radhi mbele ya wenzake wale wale.

Muda ukapita. Siku moja mtoto yule alikuja na kidude cheupe cha duara, kama kifungo kikubwa cha koti, kimebandikwa nyuma ya mkono wake juu ya kiwiko. Ami yake aliyeko Dubai ndiye aliyemletea. Haikupita nusu saa, mwanafunzi mwingine akanijia na kuninong'oneza: "Ustadh, fulani amevaa hirizi." Na ilipokaribia Ramadhani mama yake akaniuliza: "Ustadh, mtoto akifunga na kidude hiki, saumu yake inasihi?"

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyozaa makala haya. Kidude kile ni kipimo cha sukari kinachofanya kazi usiku na mchana bila kusimama. Tutaeleza, in shaa Allah, kinavyofanya kazi, faida na upungufu wake, hukumu zinazokihusu, na la kufanya kwa asiyeweza kukinunua. Lakini jambo kubwa ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: kipimo si dawa. Kipimo ni jicho. Na mwenye jicho akiona shimo, kisha akalitumbukia kwa makusudi, hana udhuru.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa wali, ugali, mkate, mihogo na vitu vitamu, hugeuka kuwa sukari inayoingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke kwenye damu na kuingia katika viungo ikatumike kama nguvu, mwili unahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana au ikishindwa kufanya kazi yake, sukari hujaa katika damu huku viungo vina njaa. Huo ndio ugonjwa wa kisukari. Si ugonjwa mpya. Ibn Sina (980-1037) aliueleza katika maandishi yake ya tiba.

Kisukari kina aina kuu mbili. Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana. Kongosho huacha kutengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila sindano. Kabla insulini haijagunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa akisubiri mauti tu. Aina ya pili huwapata zaidi watu wazima, na huchangiwa na urithi, unene, kutotembea na ulaji wetu wa siku hizi. Wengi wa wagonjwa ni wa aina hii.

Msidhani haya ni maradhi ya watu wa mbali. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 katika kila 100. Umri na njia za uchunguzi hizo mbili hazilingani, lakini kila mmoja anaona ulipoelekea upepo. Kisha itazame mitaa yetu ya Mchafukoge na Kariakoo: tunakaa dukani kutwa, tunapanda bajaji kwa mwendo wa dakika kumi, na juisi ya miwa iko kila kona.

Wazazi, zishikeni dalili hizi kwa mtoto: kiu isiyokwisha, kukojoa sana au kuanza tena kukojoa kitandani, kukonda huku anakula, na uchovu. Zikifuatiwa na kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa kasi na harufu ya pumzi kama ya matunda yaliyoiva mno, hiyo ni hatari ya saa, si ya siku. Mpelekeni hospitali, na ombeni apimwe sukari pamoja na malaria. Kusoma ruqya hakukatazwi, lakini kusichukue nafasi ya hospitali, na kamwe mtu asiachishwe insulini kwa sababu amesomewa.

KUTOKA KIDOLENI HADI MKONONI

Kipimo tunachokijua wengi ni cha kutoboa kidole. Tone la damu huwekwa kwenye kipande kidogo cha kupimia, na mashine hutoa namba baada ya sekunde chache. Kipimo hiki ni kizuri na ndicho kilichookoa watu wengi. Upungufu wake ni kwamba kinakwambia sukari ilivyo dakika ile tu. Ni sawa na kuchungulia Mtaa wa Msimbazi dirishani mara 4 kwa siku. Unaweza kuona barabara shwari mara zote nne, na ajali ikatokea katikati.

Kidude cha mkononi, au kihisi kama kinavyoitwa na wataalamu, hakifungi dirisha. Hubandikwa kwa kifaa maalumu kinachosukuma sindano na kuitoa papo hapo, ikabaki nyuzi nyembamba na laini yenye urefu wa nusu sentimita hivi chini ya ngozi. Nyuzi hiyo imepakwa kimeng'enya kinachoshughulika na sukari peke yake. Kikikutana na sukari iliyo katika majimaji ya mwilini, hutoa umeme mdogo sana. Sukari ikizidi, umeme huzidi. Sukari ikipungua, nao hupungua. Asili ya fikra hii ni kazi ya mwanasayansi wa Marekani Leland Clark, mwaka 1962. Kidude husoma umeme huo, hukigeuza kipimo kuwa namba, na kuituma kwenye simu au mashine ndogo ya mkononi.

Kifaa cha kwanza cha namna hii kiliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Wakati huo mgonjwa alikivaa siku chache, kisha daktari ndiye aliyeyasoma matokeo. Mwaka 2014 huko Ulaya kilitoka FreeStyle Libre, ambacho mgonjwa hukaa nacho siku 14 na kujisomea mwenyewe. Vipo vya makampuni mengine pia. Kinachopima kila baada ya dakika 5 hutoa namba 288 kwa siku. Linganisha na 4 za kidoleni.

Hapa Afrika ya Mashariki navyo havikuanza jana. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya madaktari waliowavisha vidude hivi watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza huko Kenya na Uganda, ili kuona hali halisi ya sukari zao na kama kazi hiyo inawezekana katika mazingira yetu.

JINSI YA KUSOMA NAMBA

Hapa Tanzania tumezoea kupima kwa milimoli. Mtu asiye na kisukari akiamka hajala, sukari yake huwa chini ya 6.1. Ikifika 7.0 au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikatoa hivyo hivyo, huyo ana kisukari. Kwa mgonjwa anayetibiwa, eneo la salama ambalo madaktari huwalenga wengi ni kati ya 3.9 na 10.0. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba wagonjwa wengi walenge kuwa ndani ya eneo hilo zaidi ya asilimia 70 ya siku nzima, yaani karibu saa 17 kati ya 24, na wawe chini ya 3.9 kwa muda usiofika asilimia 4, yaani chini ya saa moja kwa siku. Wazee na wajawazito wana viwango vyao, basi kila mtu amsikilize daktari wake.

Tahadhari kwa vifaa vinavyoletwa na ndugu kutoka nje. Baadhi huonyesha miligramu badala ya milimoli. Mama wa mwanafunzi wetu alipoona "126" kwa mara ya kwanza alipiga ukelele, akidhani mwanawe anakufa. Kumbe 126 ya miligramu ni 7.0 yetu. Hesabu yake ni nyepesi: gawa kwa 18. Hivyo 70 ni 3.9, 180 ni 10.0, na 300 ni karibu 16.7. Mara nyingi mpangilio huo umewekwa kiwandani na haubadiliki, basi andika hesabu hizo kwenye karatasi uibandike ukutani.

Zaidi ya namba, kidude huonyesha mshale. Mshale ukilala, sukari imetulia. Ukielekea juu, inapanda. Ukielekea chini, inashuka. Sukari ya 5.5 yenye mshale uliolala ni habari njema. Sukari ya 5.5 yenye mshale unaoshuka kwa kasi ni onyo, hasa kwa mtu aliyechoma insulini na hajala. Vidude vingi pia hulia kengele sukari inapovuka mpaka. Kwa mzazi, faida kubwa iko usiku: mtoto aliyelala hawezi kukwambia kwamba sukari inamshuka.

Namba hizo pia hufundisha mambo ya jikoni. Mwanafunzi wetu na mama yake waligundua kwamba kaimati tatu na glasi ya juisi wakati wa futari zilimpandisha kupita 15, na kwamba siku alipoanza kwa tende moja na maji, kisha akala samaki na mboga pamoja na kipande kidogo cha muhogo, alipanda kidogo tu. Si kila mwili ni sawa, na ndiyo maana kipimo kina faida: kila mtu hujionea yake.

UPUNGUFU WA KIDUDE HIKI

Si haki kusifu kitu bila kutaja upungufu wake.

(a) Hakipimi damu yenyewe, hupima majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili. Kwa hiyo huchelewa nyuma ya damu, kwa dakika 5 hadi 15 hivi, hasa sukari inapobadilika kwa kasi. Ukijisikia unatetemeka, jasho baridi linakutoka na moyo unaenda mbio, huku kidude kinasema uko salama, usibishane na mwili wako. Toboa kidole upime.

(b) Siku ya kwanza baada ya kubandikwa usahihi wake huwa mdogo zaidi.

(c) Mtu akilalia mkono wenye kidude, kinaweza kuonyesha sukari imeshuka kumbe haijashuka.

(d) Baadhi ya dawa huvichanganya. Kwa mfano, vitamini C kwa wingi huweza kupandisha namba kwenye baadhi ya aina. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi.

(e) Joto letu la Dar es Salaam si rafiki yake. Kabla ya kubandikwa, kihifadhiwe kwa joto lililoandikwa kwenye boksi, na tarehe ya mwisho wa matumizi iangaliwe. Usinunue kilichokaa juani kwenye meza ya barabarani.

(f) Gharama. Kinachodumu siku 14 unahitaji 26 kwa mwaka. Kabla hujanunua cha kwanza, zidisha bei kwa 26. Wengine hukitumia kwa wiki mbili tu kabla ya Ramadhani, au wanapobadilishiwa dawa, ili daktari aone mwenendo wa sukari, kisha hurudi kwenye kidole. Huo nao ni utaratibu unaofaa.

MASUALA YA DINI

Suali: Je, si hirizi?
Jibu: Hirizi ni kitu ambacho mtu hukitundika akiamini kwamba chenyewe kinakinga madhara kwa siri isiyojulikana. Kidude hiki hakikingi chochote wala hakina siri. Ni chombo cha kupimia, kama kipimajoto au mizani ya Sokoni Kariakoo. Kutumia sababu hakupingani na tawakkul, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Wanafunzi, kumtuhumu mwenzenu kwa jambo zito kama shirki kabla ya kuuliza ni dhambi ya dhana mbaya. Ulizeni.

Suali: Je, kinabatilisha saumu?
Jibu: Hapana. Kinachobatilisha ni kuingiza kitu ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi, na kidude hakiingizi chakula, maji wala dawa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha 10 cha mwaka 1997, lilieleza kwamba miongoni mwa yasiyofunguza ni damu inayotolewa kwa ajili ya vipimo, dawa zinazobandikwa juu ya ngozi, na sindano za kwenye ngozi, msuli au mshipa, isipokuwa zile za kulisha mwili. Basi kutoboa kidole hakufunguzi, wala sindano ya insulini haifunguzi. Anayeacha kupima mchana wa Ramadhani kwa kuhofia saumu yake, anajitia katika hatari isiyo na msingi wa dini.

Suali: Udhu na josho je?
Jibu: Kikibandikwa sehemu ya juu ya mkono, kiko juu ya kiwiko, hivyo hakigusi sehemu ya faradhi ya udhu. Kwa josho la janaba, hedhi au nifasi, jambo lake ni tofauti kwa sababu kinafunika ngozi, na kukibandua si kama kuvua pete: kikitoka hakirudi. Hapa mwenye haja nacho hufanya kama mwenye bandeji. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ataosha mwili wote, atapangusa maji juu ya kidude, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Na abandike akiwa na tohara. Mwenye hali ya pekee amuulize sheikh wake. Wallahu aalam.

Suali: Kengele ikilia ndani ya Sala?
Jibu: Simu iwekwe kwenye mtikisiko ili isiwasumbue wengine. Lakini ikiwa ni onyo la sukari kushuka na mgonjwa anaona dalili za hatari, akate Sala, ale kitu kitamu, kisha aisali upya. Kuokoa nafsi kunatangulia.

RAMADHANI: RUHUSA NI SEHEMU YA DINI

Hapa ndipo penye uzito. Wagonjwa wengi wa kisukari hufunga kwa mapenzi ya ibada. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa zaidi ya wagonjwa 12,000 Waislamu ulionyesha kwamba wakati wa Ramadhani, matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili.

Allah (S.W.), katika aya ya 184 na 185 za Suratul Baqarah, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akabainisha kwamba anatutakia wepesi. Mwaka 2009 Baraza lile lile la Fiqhi, katika kikao cha 19 kilichofanyika Sharjah, liliwagawa wagonjwa wa kisukari mafungu 4 kwa kufuata ukubwa wa hatari. Waliomo katika mafungu mawili ya juu, ambao kwa maelezo ya madaktari hatari yao ni kubwa, hawatakiwi kufunga. Waliomo katika mafungu mawili ya chini hawaachi saumu kwa jina la ugonjwa tu, bali wafunge kwa uangalizi. Kwa hiyo si kila mwenye kisukari anakula, wala si kila mwenye kisukari anafunga. Mwenye kuamua ni daktari mjuzi na mwaminifu pamoja na mwanachuoni, wala si shemeji wala jirani.

Anayefunga apime kabla ya daku, asubuhi, saa 6 mchana, alasiri, kabla ya kufuturu, saa mbili baada ya kufuturu, na wakati wowote anapojisikia vibaya. Wataalamu wa kisukari na Ramadhani wa kimataifa wameweka mipaka iliyo wazi:

1. Sukari ikiwa chini ya 3.9, fungua papo hapo, hata kama adhana ya Magharibi imebakiza dakika 10.
2. Sukari ikizidi 16.6, fungua, unywe maji na ufuate maagizo ya daktari.
3. Ukiona dalili za hatari, fungua na upime.

Aliyeshukwa na sukari apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au tende tatu, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Asubiri dakika 15, apime tena. Akiwa hajitambui, asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali kwamba wao ndio waliomuua, na akabainisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Tukitafakari kisa hiki tutaogopa kumwambia mgonjwa, "Jikaze, dakika zilizobaki ni chache." Wale nao walidhani wanahifadhi dini.

Aliyefungua kwa ruhusa hana dhambi. Atalipa akipata uwezo. Na ambaye ugonjwa wake haumpi matumaini ya kuweza kulipa, atatoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Mtoto ambaye hajabaleghe, saumu si wajibu kwake kabisa, basi wazazi wasishindane kwa watoto wagonjwa.

ASIYEWEZA KUNUNUA AFANYEJE?

Familia nyingi zinazosoma jarida hili hazitakinunua kidude hiki, na si aibu. Jicho la kidole lipo, likitumiwa kwa wakati wake. Aliye na vipande vichache vya kupimia asivimalize vyote asubuhi. Avigawe: leo apime kabla ya kula na saa mbili baada ya futari, kesho alasiri na kabla ya kulala, na kila mara aandike namba, saa na alichokula katika daftari. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakuwa na picha ya kumpelekea daktari.

Huduma ziko karibu nasi. Chama cha Kisukari Tanzania (TDA) kimekuwepo tangu mwaka 1985, na kwa miaka mingi kimeshiriki katika kliniki ambako watoto hupatiwa insulini na mafunzo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki ya kisukari. Hapa hapa Mtaa wa Chusi iko Hospitali ya Shree Hindu Mandal, ambako Dk. Kaushik Ramaiya, mmoja wa waliojenga huduma ya kisukari nchini, alifanya kazi. Msingoje mtu azimie ndipo muulize njia. Na enyi wenye uwezo, boksi la vipande vya kupimia kwa mtoto wa jirani ni sadaka nzuri.

WASIA

Wanafunzi wangu, mwenzenu mwenye kisukari akiomba kutoka, mpisheni. Akila tende darasani, msimcheke. Akilegea, akizungumza ovyo au akitoa jasho bila sababu, msisubiri somo liishe. Mwiteni ustadh mara moja. Nasi walimu tumekubaliana kwamba marufuku ya simu haimhusu mwanafunzi ambaye simu yake ndiyo inayosoma sukari yake, na katika kabati la ofisi huwekwa sukari na tende wakati wote.

Mwanafunzi niliyemsimamisha mbele ya wenzake sasa amebaleghe. Ramadhani iliyopita hakufunga, kwa agizo la daktari wake, na alikuwa akija kila siku alasiri kuwasikiliza wadogo zake juzuu Amma. Siku moja mtoto alimwuliza kwa sauti kwa nini yeye anakunywa maji. Akapandisha mkono wa kanzu, akamwonyesha kidude, akamweleza kila kitu mpaka mtoto akaridhika. Nami nilikuwa pembeni nasikiliza. Alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza hapa.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe na kusema juu ya dini Yake tusiyoyajua. Amin.

Wabillahi Tawfiq.